Oili ya Bure kwa Walimu, na kwa Wanaofika Shuleni Kabla ya Walimu

Mei ikikaribia, ubao wa matangazo kwenye chumba cha walimu katika shule za Marekani hujaa karatasi. Kahawa bure, donati bure, punguzo la miwani, punguzo la simu. Katikati ya karatasi hizo huwa kuna moja au mbili za gereji: mwalimu alete gari, abadilishiwe oili ya injini na kuwekewa filta mpya bila malipo, matairi ya mbele yahamie nyuma na ya nyuma yaje mbele, kisha fundi alikague gari zima. Ofa kama hizi hujitokeza tena mwishoni mwa Julai, shule zinapokaribia kufunguliwa. Kwa maoni yangu hii ya gari ina uzito kuliko kahawa na donati zote kwa pamoja. Na wasemaji wenzangu wa Kiswahili, wanaoihitaji kuliko wengi, ndio wanaoiacha ipite.

Ninaishi Lexington, Kentucky, na kazi yangu ni ukalimani shuleni: vikao vya wazazi na walimu, barua za kutumwa nyumbani, simu kwa mama ambaye mtoto wake ameumwa tumbo saa nne asubuhi. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana katika familia za wanafunzi hapa. Wengi wametoka mashariki mwa Kongo, baadhi wakiwa wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na tumo pia Watanzania na Wakenya. Ukiingia shuleni utatukuta. Wachache wetu ni walimu wenye madarasa yao. Walio wengi wako jikoni, kwenye usafi, ndani ya basi kuwaangalia watoto, au pembeni mwa mwalimu wakimsaidia mtoto mmoja mwenye mahitaji maalumu siku nzima.

Siku moja nilimwonyesha karatasi ya gereji mama mmoja wa jikoni, mtu wa Fizi kule mashariki mwa Kongo, ambaye gari lake nilikuwa nalisikia likilia breki tangu kwenye geti. Akanirudishia. "Dada, iyo karatasi ni ya walimu. Siye wa jikoni hatumo."

Nikamwambia, "Soma hadi chini, mama." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa kwamba huduma ni ya walimu na wafanyakazi wote wa shule, mradi waonyeshe kitambulisho cha kazi. Alisoma mara mbili. Kisha akaniuliza kama nina hakika, na kama hawatamrudisha mlangoni mbele za watu.

Swali hilo la mwisho nimelisikia kwa wengi. Mtu amefanya kazi shuleni miaka, ana funguo za jengo, anafika gizani kabla ya mwalimu yeyote, lakini neno "mwalimu" likiwa juu ya karatasi anajiondoa mwenyewe. Haya imemzuia kabla gereji haijamzuia.

Ukifuata historia ya heshima hizi utaona kwa nini anajiondoa. Mwaka 1953 Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt, alilishawishi Bunge la Marekani litenge siku ya kuwaheshimu walimu. Baadaye, mwaka 1984, chama cha kitaifa cha wazazi na walimu kikaitenga wiki nzima ya kwanza ya Mei. Wenye biashara wameizoea wiki hiyo na matangazo yao yanaifuata. Wapishi wa shule nao wana siku yao mwanzoni mwa Mei, na wasaidizi wa walimu wana yao Aprili, lakini mitaani siku hizo hazina mabango. Mtu wa mauzo akikaa kuandika ofa, picha iliyomo kichwani mwake ni ya mwalimu amesimama mbele ya ubao. Hana nia mbaya. Ameandika anachokijua.

Sheria ya kodi, kwa mshangao wangu, ina macho mapana zaidi. Tangu mwaka 2002 inamruhusu mwalimu kupunguza kwenye hesabu ya kodi sehemu ya fedha alizotoa mfukoni kununulia vifaa vya darasa: dola 250 mwanzoni, na mwaka 2022 kiwango kikapanda hadi 300. Magari hayahusiki hapo. Ila tazama nani ametajwa: mwalimu, mshauri wa wanafunzi, mkuu wa shule, na pia msaidizi wa mwalimu, mradi awe amefanya kazi saa zisizopungua 900 katika mwaka wa masomo. Ikiwa idara ya kodi, ambayo haijulikani kwa upole, inamhesabu msaidizi wa mwalimu, gereji nayo inaweza. Na mimi ningependa gereji iende mbali kuliko idara ya kodi, ifike jikoni na kwenye maegesho ya mabasi.

Shule inasimama juu ya watu hao. Agosti 9, 2023, siku ya kufungua shule, jiji la jirani yetu Louisville liliingia kwenye habari za nchi nzima. Kwa sababu ya uhaba wa madereva, njia za mabasi ya shule zilikuwa zimepangwa upya, na mpango ule ukaporomoka siku ileile ya kwanza. Watoto wa mwisho walifika nyumbani ikikaribia saa nne usiku. Shule zikafungwa zaidi ya wiki moja. Walimu walikuwepo, vitabu vilikuwepo, madarasa yalikuwa yamepambwa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba elimu huanzia kwa mtu anayewasha injini alfajiri.

Na mtu huyo, kabla hajawasha basi la shule, amewasha gari lake mwenyewe. Miji ya Kentucky ilijengwa kwa ajili ya magari. Zamu ya dereva au ya mpishi huanza kabla basi la mjini halijachangamka, na njia nyingi za basi hilo hupita kwanza katikati ya mji hata kama unaishi upande wa pili na shule iko upande huohuo. Gari likikataa kuwaka asubuhi moja ya Januari, saa za siku hiyo zimekwenda, kwa sababu hawa hulipwa kwa saa.

Sasa nieleze kilichomo ndani ya ofa yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea kuipima. Wanahesabu bei ya oili. Wanasema, ah, dola arobaini au sitini, kwani nitashindwa? Kwangu oili ni sehemu ndogo. Zawadi kubwa ni ule ukaguzi.

Kentucky haina ukaguzi wa lazima wa usalama wa magari kila mwaka. Kule Tanzania tulizoea trafiki kukuuliza stika ya Nenda kwa Usalama, na hata kama tulinung'unika, kulikuwa na siku katika mwaka ambayo mtu alilitazama gari. Hapa unaweza kulipia namba zako kila mwaka na kuendesha miaka mitano bila mtu yeyote kuinama chini ya gari lako. Kwa mtu aliyenunua gari la zamani kwa fedha taslimu kutoka kwa mtu binafsi, na wengi wetu ndivyo tunavyoanza, siku ya ofa ya walimu inaweza kuwa mara ya kwanza gari hilo kupandishwa juu ya lifti mbele ya fundi asiye na haja ya kulisifia.

Kwa hiyo ukienda, usikae kwenye kiti na simu yako ukisubiri kuitwa. Omba karatasi ya ukaguzi iliyoandikwa. Iwe na vipimo, maana "breki zimekwisha" ni maneno tu, lakini "pedi za mbele milimita 3" ni habari unayoweza kuipeleka kwa fundi mwingine akaithibitisha. Pedi mpya za breki huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi; ikifika 3 anza kutafuta fedha, usingoje hadi chuma kisuguane na chuma. Matairi unaweza kuyapima mwenyewe ukiwa palepale. Chukua sarafu ya senti moja, yenye picha ya Rais Lincoln (mzaliwa wa Kentucky hii hii), uichomeke kwenye mfereji wa tairi kichwa kikielekea chini. Ukiona nywele zake zote, mfereji umebaki chini ya milimita 1.6, na tairi hilo halifai tena barabarani, hasa kwenye mvua.

Muulize pia kuhusu betri. Betri yenye umri wa miaka minne au mitano inaweza kuonekana nzima kabisa mwezi wa tano, ila baridi ikifika nyuzi sifuri za Selsiasi inapoteza karibu thuluthi ya nguvu zake, wakati huohuo oili inazidi kuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi ya kuizungusha. Ndiyo maana magari ya watu wetu hufia kwenye maegesho Januari, si Julai. Kwenye baridi upepo wa matairi nao hupungua, karibu psi moja (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 10 za Farenihaiti zinazoshuka, na ile taa ya njano ya tairi inayowaka ghafla asubuhi mara nyingi ni hiyo tu. Jaza upepo, uendelee na safari.

Tukija kwenye oili yenyewe, soma masharti. Ofa nyingi husema oili ya kawaida, isiyozidi kwati 5, yaani kama lita 4.7. Gari la zamani lenye silinda nne litatosheka. Lakini magari mengi ya miaka ya karibuni yanataka oili nyepesi ya sinthetiki. Camry za kuanzia 2010 zenye injini ya lita 2.5, kwa mfano, zinatumia 0W-20, na ukikubali wakuwekee ya kawaida kwa sababu ni bure umeliibia gari lako. Mara nyingi watakuambia ulipe tofauti. Lipa, bado umepata ukaguzi na kazi bila malipo. Naitaja Camry kwa sababu ndiyo imejaa kwenye maegesho yetu, na si ajabu: zinaundwa Georgetown, kilomita 20 hivi kutoka hapa, tangu mwaka 1988, na ndugu zetu wengi wanafanya kazi kwenye kiwanda hicho.

Wenye Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini ya lita 2.4 wasikilize kwa makini zaidi. Baadhi ya injini hizo zinajulikana kwa kula oili. Ukimwagiwa oili mpya Mei ukakaa ukijua una salama hadi Agosti, unaweza kukuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imekauka kabla ya hapo, na injini iliyoendeshwa bila oili haina msamaha. Fungua boneti gari likiwa kwenye tambarare na injini imepoa, vuta dipstiki, ifute, irudishe, ivute tena, tazama alama.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe kwa uwazi. Gereji inapotoa huduma ya bure inategemea kwamba baadhi ya watakaokuja watanunua kitu. Silioni hilo kuwa dhambi. Biashara ina mishahara ya kulipa, na anayekukaribisha kwa mkono uliojaa ana haki ya kutumaini utarudi. Ila mtu mwenye haya, mwenye Kiingereza cha kuunga, ambaye anajiona kama amepewa hisani, hushindwa kusema hapana. Nimekaa kwenye viti vile kama mkalimani wa hiari na nimeona mtu akikubali kubadilishiwa chujio la hewa ya ndani kwa bei ya chakula cha familia cha siku tatu, kwa sababu tu aliona aibu kukataa baada ya kupewa oili ya bure. Kwenye magari mengi chujio hilo hukaa nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria. Unafungua kwa mikono, unachomoa la zamani, unachomeka jipya, na dukani linauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ile.

Kukataa si utovu wa adabu. Sema utafikiria, ushukuru, uchukue karatasi yako ya ukaguzi uondoke. Kama ni breki au usukani, usifikirie muda mrefu, tafuta fundi wa pili wiki hiyohiyo. Kama ni la kusafisha hiki na kumwagia dawa kile, subiri.

Na wale wanaoogopa kwamba wakihudumia gari nje ya kampuni iliyowauzia watapoteza waranti: sheria ya mwaka 1975 inayoitwa Magnuson-Moss inakataza hilo. Muuzaji hawezi kukunyima waranti kwa sababu tu oili ilimwagwa kwingine. Tunza risiti, hata ya huduma ya bure, iwe na tarehe na kilomita au maili za gari. Risiti hiyo ndiyo shahidi wako.

Ipo huduma nyingine ya bure ambayo si ya walimu peke yao, na inanisikitisha kuona jinsi isivyojulikana kwetu. Gari likigundulika kuwa na kasoro ya usalama iliyotoka kiwandani, kampuni iliyolitengeneza inatakiwa kuirekebisha bila malipo, na haijalishi wewe ni mmiliki wa tano. Wajibu huo wa kisheria unaenda hadi miaka 15 tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza, na kwa kasoro nyingine kampuni huendelea hata baada ya hapo. Mifuko ya hewa ya Takata ni mfano mkubwa kuliko yote: karibu mifuko milioni 67 iliitwa irudishwe Marekani, kwa sababu inapolipuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Honda Civic na Accord za 2001 na 2002 zimo kwenye kundi la hatari zaidi, na ni magari ya aina ileile ambayo mtu aliyefika nchini juzi huuziwa kwa bei nafuu. Soma namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17 inayoonekana kupitia kioo cha mbele upande wa dereva, uiandike kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama wa barabarani. Jibu linakuja papo hapo. Kama huna Kiingereza cha kutosha, mpe mwanao wa darasa la saba akusaidie. Ni kazi ya dakika mbili.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, maduka makubwa ya spea kama AutoZone na O'Reilly yana mashine ya kusoma tatizo, na husoma bila kukutoza. Betri pia huipima bure. Duka linauza spea, kwa hiyo chukua ile namba ya tatizo na umwonyeshe fundi unayemwamini kabla hujanunua chochote.

Kati ya hizi zote, ninayoipenda kuliko nyingine inatoka shuleni kwenyewe. Sekondari nyingi za Marekani zina karakana za ufundi wa magari, na baadhi huruhusu walimu na wafanyakazi kuleta magari yao yahudumiwe na wanafunzi chini ya usimamizi wa mwalimu wa ufundi. Unalipia oili na filta, kazi ni yao. Kijana ambaye mwaka jana nilimkalimania kwenye kikao cha nidhamu, mama yake akiwa analia, anaweza akawa ndiye anayefunga nati ya kumwagia oili chini ya gari la mpishi anayempa chakula kila siku. Hapo hakuna hisani upande wowote. Mpishi anapata gari salama, kijana anapata gari la kujifunzia lenye maili halisi na kutu halisi. Uliza shuleni kwako kama karakana ipo na siku gani wanapokea magari.

Wapo wanaosema ofa hizi ni kuwapaka walimu mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba wangelipwa vizuri wasingehitaji oili ya bure. Kuhusu malipo nakubaliana nao. Taasisi ya Economic Policy Institute ilikadiria kwamba mwaka 2023 mshahara wa wiki wa mwalimu wa shule ya umma ulikuwa chini kwa zaidi ya robo ukilinganisha na wahitimu wengine wenye elimu kama yake, na mpishi na dereva wako chini ya mwalimu huyo. Hakuna kwati 5 za oili zinazoziba pengo hilo, na mwanasiasa asijifiche nyuma ya ukarimu wa gereji. Lakini mama wa Fizi anaendesha kesho asubuhi, breki zikilia. Siwezi kumwambia asubiri bajeti ya jimbo.

Kwa wenye gereji, kama yupo anayesoma hapa au mfanyakazi wake anayeweza kumfikishia, nina maombi. Andikeni "wafanyakazi wote wa shule" juu, kwa herufi kubwa, muwataje wapishi, madereva, wasafishaji na wasaidizi kwa kazi zao. Wekeni Jumamosi, kwa sababu mtu anayelipwa kwa saa hawezi kuondoka Jumanne mchana kumwaga oili. Na ikiwa mnaweza kutoa ofa mara moja tu kwa mwaka, acheni Mei, chagueni wiki mbili za kabla ya shule kufunguliwa. Wengi wa wafanyakazi hawa hawana kipato cha shule Juni na Julai. Mwanzoni mwa Agosti ndipo mfuko umekauka, gari limekaa juani au limetumika kwa vibarua vya kiangazi, na kazi inaanza tena alfajiri ya Jumatano inayofuata.

Kwako wewe unayefanya kazi shuleni: piga simu kabla ya kwenda. Uliza kama ofa ni ya wafanyakazi wote, oili ni ya aina gani na kiasi gani, na kama karatasi ya ukaguzi utapewa. Beba kitambulisho cha kazi. Kama jina lako limekosewa kwenye kitambulisho, kama ilivyo kwa wengi wetu, beba na stakabadhi ya mshahara. Wakikuuliza wewe ni mwalimu wa somo gani, wajibu kazi unayoifanya. Na kama ofa ya Mei imekupita, ya Julai ipo. Hadi hapo pima oili yako kila mara ya pili unapojaza mafuta.